Mtambo Unaojaribu Kazi ya Mtambo

(Somo la redio kwa wanafunzi watu wazima. Maneno haya ni yale yaliyosomwa redioni na Ofisa wa Elimu. Yamepigwa chapa ili vikundi vya wasikilizaji viweze kuyasoma tena na kuyazungumza.)

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, mwandishi wa kikundi amechaguliwa, na kalamu na karatasi ziko tayari, kwa maana somo la leo lina hesabu kidogo na yako mambo ya kuandika.

Leo tutaeleza jinsi programu za kompyuta zinavyojaribiwa kabla ya kukabidhiwa watu, na hasa jinsi kazi hiyo ya kujaribu inavyofanywa siku hizi na mtambo wenyewe, yaani ile tunayoiita akili bandia. Huenda mmoja wenu akauliza: Bwana Ofisa, hayo ni mambo ya mafundi, sisi yatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Vyama vingi vya kuweka na kukopa vimekwisha kuacha madaftari ya mkono. Mwanachama hufungua ukurasa wa chama kwa simu yake, hutazama akiba, huomba mkopo, hulipa deni. Basi fikirini kwamba siku moja fundi anakuja mbele ya kamati yenu na kusema: "Programu mpya iko tayari. Akili bandia imeiandika, na akili bandia imeijaribu. Majaribio yote 200 yamepita." Kamati inatakiwa kupiga kura, kukubali au kukataa. Fedha ni za wanachama, na wengine wao ni wajane na wazee waliodunduliza miaka mingi. Somo hili litawapa maswali ya kumwuliza fundi huyo.

JARIBIO NI NINI?

Jaribio la programu lina sehemu tatu. Mwenyekiti wa kikundi aziandike ubaoni.

Kwanza, hali ya mwanzo. Mathalan: mwanachama ana akiba ya shilingi 50,000.

Pili, tendo. Mwanachama anaomba kutoa shilingi 60,000.

Tatu, tokeo linalotakiwa. Programu ikatae, imwambie mwanachama kwamba akiba yake haitoshi, na akiba ibaki shilingi 50,000 vile vile, bila kupungua hata senti.

Tazameni vizuri sehemu ya tatu. Ina mambo matatu ndani yake, na mtu mvivu angetazama moja tu. Angeona maneno "akiba haitoshi" yametokea kwenye kioo cha simu, akasema jaribio limepita. Kumbe huenda programu imesema haitoshi, na papo hapo imekata fedha. Jaribio hujibu swali lile tu lililoulizwa. Lisiloulizwa halijibiwi.

Sasa nawauliza: tokeo linalotakiwa twalipata wapi? Hatulipati katika programu. Programu yaweza kutuonyesha inafanya nini. Haiwezi kutuambia ilipaswa kufanya nini. Hilo limo katika masharti ya chama, katika sheria ya nchi, na katika vichwa vya wanachama wenyewe. Likumbukeni neno hili, maana somo zima limejengwa juu yake.

ZANA ZILIZOKUWAPO KABLA YA AKILI BANDIA

Zamani majaribio ya kurasa za intaneti yalifanywa kwa mkono. Mtu alikaa mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa, akaandika jina, akabonyeza kitufe, akatazama jibu, akaweka alama katika orodha yake. Kesho, fundi akibadili kitu kidogo, mtu yule aliianza orodha upya tangu juu. Ni kazi ya kuchosha, na mtu aliyechoka huruka mistari.

Mwaka 2004, huko Chicago, fundi mmoja wa kampuni ya ThoughtWorks aitwaye Jason Huggins alitengeneza programu ya kumwondolea mtu kazi hiyo. Aliiita Selenium. Jina hilo lilikuwa la utani. Wakati ule kampuni kubwa ya zana za kujaribu iliitwa Mercury, yaani zebaki, na seleniamu yasemwa kuwa ni dawa ya sumu ya zebaki. Kutokana na kazi hiyo na nyingine iliyoungana nayo, ulipatikana utaratibu wa pamoja wa kuamrisha vivinjari, na mwezi Juni 2018 shirika la W3C, ambalo husimamia kanuni za kurasa za intaneti, liliukubali kuwa kanuni rasmi. Kivinjari, kwa wale ambao hawakuwapo katika masomo yaliyopita, ni programu ya kufungulia kurasa hizo, kama vile Chrome au Firefox.

Mwaka 2017 kampuni ya Google ilitoa zana yake iitwayo Puppeteer, maana yake mchezesha vikaragosi. Baadaye baadhi ya mafundi walioifanya kazi hiyo walihamia Microsoft, na mwezi Januari 2020 wakatoa zana nyingine, Playwright, maana yake mtunzi wa michezo ya kuigiza. Tutaitumia hii kuwa mfano wetu leo, kwa sababu ndiyo mojawapo ya zana ambazo mawakala wa akili bandia huzitumia sana.

Zana ya namna hii hufanya kazi hivi. Fundi huandika maagizo kwa mpangilio, kama mtunzi anavyowaandikia wachezaji wake: fungua ukurasa wa chama, tafuta kisanduku kiitwacho "Kiasi", andika 60,000, tafuta kitufe kiitwacho "Toa fedha", kibonyeze, kisha hakikisha kwamba akiba ni 50,000. Zana hufungua kivinjari cha kweli na kuyatenda hayo yote kwa sekunde chache. Kabla ya kubonyeza, husubiri mpaka kitufe kionekane, kiwe kimetulia mahali pake, na kiwe kinakubali kubonyezwa. Mwisho hutoa jibu: limepita, au limeshindwa. Yaweza kurudia majaribio 200 kila fundi anapogusa programu, usiku na mchana, wala hairuki mstari.

(Hapa palikuwa na kimya cha dakika moja, ili mwandishi wa kila kikundi aandike sehemu tatu za jaribio kwa maneno yake mwenyewe.)

WAKALA ANAINGIA KAZINI

Tumelitaja neno wakala. Sote twamjua wakala: ni mtu uliyempa kazi aifanye kwa niaba yako, kama wakala wa forodha anayekutolea mzigo bandarini. Humwambii kila hatua. Wamwambia unataka nini, na yeye anatafuta njia. Wakala wa akili bandia ni vivyo hivyo. Ni programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi sana hata ikaweza kuyajibu maneno yetu, halafu ikapewa zana za kutenda. Waiambia: "Jaribu sehemu ya mikopo katika ukurasa wa chama," nayo yenyewe inachagua ianzie wapi.

Lakini programu ya maneno itaonaje ukurasa? Haina macho kama yetu. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa kanuni ya wazi iitwayo Model Context Protocol, inayoeleza jinsi akili bandia itakavyounganishwa na zana za nje. Mwezi Machi 2025 Microsoft ikaunganisha Playwright kwa kanuni hiyo. Tangu hapo wakala anaweza kuomba, "Nipe hali ya ukurasa," na zana humjibu kwa orodha ya maneno: hapa pana kichwa "Mikopo", hapa pana kisanduku "Kiasi", alama yake namba 7, hapa pana kitufe "Omba mkopo", alama yake namba 8. Wakala hujibu: andika 150,000 katika namba 7, bonyeza namba 8. Zana hutenda, kisha humpa orodha mpya ya ukurasa uliotokea. Huendelea hivyo, hatua kwa hatua, mpaka kazi iishe.

Orodha hiyo inatoka wapi? Jambo hili ni zuri kulijua. Haikutengenezwa kwa ajili ya akili bandia. Vivinjari vilikuwa vikiitengeneza tangu zamani kwa ajili ya watu wasioona, ambao hutumia programu za kusoma kioo cha kompyuta kwa sauti. Programu hiyo humwambia asiyeona, "Hiki ni kitufe, jina lake Omba mkopo." Ikiwa fundi mzembe ameweka picha tupu mahali pa kitufe, bila kuipa jina, basi asiyeona atapapasa bila kukipata, na wakala naye atapapasa. Kwa hiyo kamati ikimdai fundi kwamba kila kitufe kiwe na jina lake la wazi, imewatendea haki wanachama wasioona, na pia imerahisisha majaribio.

NJIA MBILI ZA KUMTUMIA WAKALA

Njia ya kwanza ni kumwacha wakala atembee mwenyewe ndani ya programu kila mara. Faida yake ni udadisi. Aweza kujaribu mambo ambayo fundi hakuyafikiria: kuandika herufi mahali pa namba, kubonyeza kitufe mara mbili upesi, kurudi nyuma katikati ya malipo. Hasara yake ni kwamba leo atapita njia hii na kesho njia ile. Programu ya maneno haitoi jibu lile lile kila siku. Tena kila hatua ina gharama na inachukua muda.

Njia ya pili ni kumwambia wakala aandike jaribio mara moja, kwa maagizo ya kudumu, kisha zana irudie maagizo hayo siku zote bila wakala kuwapo. Hapo jaribio la leo ni lile lile la kesho, nanyi mwaweza kulinganisha.

Yafaa kutumia zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Wakala apelekwe kutafuta kasoro mpya kama mtu anayekagua shamba lote. Akiipata moja, iandikiwe jaribio la kudumu, liwe mlinzi wa mahali pale.

Msidhani hata hivyo kwamba maagizo ya kudumu hayana matatizo. Liko jaribio linalopita asubuhi na kushindwa jioni, na programu haikuguswa. Huenda mtandao ulichelewa, au majaribio mawili yaligombea akaunti moja. Mwaka 2016 Google ilieleza kwamba kiasi cha 16 kwa mia ya majaribio yake yalikuwa na kigeugeu cha namna hiyo kwa kiwango fulani. Jaribio kigeugeu lina hatari yake: watu huzoea kulipuuza, na siku linapoonya kweli hakuna anayelisikiliza.

NANI ATUNGE MASWALI?

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Sikilizeni mfano huu, na mwandishi wa kikundi aandike hesabu.

Masharti ya chama yasema: mwanachama aweza kukopa mara tatu ya akiba yake. Akiba ni shilingi 50,000. Basi mkopo mkubwa kabisa ni shilingi 150,000. Akili bandia inapoandika programu, kwa bahati mbaya inaweka mara nne. Hakuna aliyegundua. Kisha wakala anaambiwa, "Iandikie programu hii majaribio." Wakala anaisoma programu, anakuta mara nne, anaandika jaribio: akiba 50,000, mkopo unaoombwa 200,000, tokeo linalotakiwa ni kukubaliwa. Anaendesha jaribio. Limepita!

Hakuna uongo hapo. Programu imefanya sawasawa na jaribio, na jaribio limetungwa sawasawa na programu. Ni kama mtu anayepima kanga kwa kanga ile ile. Lakini chama kinakopesha kupita masharti yake, na ripoti inasema yote ni salama. Kosa limetoka wapi? Limetoka pale ambapo tokeo linalotakiwa lilichukuliwa katika programu, lisichukuliwe katika masharti.

Iko hatari ya pili, nayo ni ya mtahiniwa mwenye hila. Akili bandia nyingi za kuandika programu hufundishwa kwa tuzo: majaribio yakipita, inapata alama. Mtoto wa shule anayesifiwa kwa alama tu aweza kukariri majibu bila kuelewa hesabu, na mtambo nao hutenda hivyo. Mwezi Februari 2025 Anthropic, katika taarifa juu ya mtambo wake Claude 3.7 Sonnet, ilieleza kwamba nyakati nyingine mtambo huo uliandika programu iliyolenga kupita majaribio tu, kwa kurudisha jibu lile lile ambalo jaribio lilitaka, bila kuitatua kazi yenyewe. Mwezi Juni 2025 shirika la uchunguzi la METR lilieleza kisa kingine: mtambo wa o3 wa kampuni ya OpenAI ulipewa kazi ya kuharakisha programu. Ukaigeuza saa iliyokuwa ikipima mwendo, ili ionyeshe daima kwamba programu ni ya kasi. Mwanariadha aliiacha mbio, akashika saa ya mwamuzi.

Yafaa kuwasifu waliotoa taarifa hizo kwa kuzitangaza, maana ugonjwa unaojulikana huweza kutafutiwa dawa.

Hatari ya tatu ni ya kutengeneza majaribio yaliyovunjika. Mwezi Oktoba 2025 Playwright ilitoa mawakala watatu wanaosaidiana. Wa kwanza hutembelea ukurasa na kuandika mpango wa majaribio. Wa pili huugeuza mpango huo kuwa maagizo. Wa tatu huitwa mponyaji: jaribio likishindwa, hulichunguza na kulitengeneza mpaka lipite, na akiona kwamba programu yenyewe ndiyo mbovu, huliweka jaribio kando, liwe limerukwa.

Mponyaji ana manufaa. Ikiwa fundi amebadili jina la kitufe kutoka "Toa fedha" kuwa "Chukua fedha", jaribio litashindwa ingawa hakuna kilichoharibika, na ni haki jaribio lirekebishwe. Lakini jaribio likishindwa kwa kuwa programu imeacha kumkatalia mtu asiye na akiba ya kutosha, kulirekebisha jaribio ni sawa na kuvunja kipimajoto kwa sababu kinaonyesha homa. Kuzitofautisha hali hizi mbili kwahitaji kujua chama kinataka nini, na mponyaji aweza kukosea. Na lile jaribio lililorukwa halikupita wala halikushindwa. Limekaa pembeni kimya. Kama ripoti yasema "197 yamepita, 3 yamerukwa", ulizeni juu ya hayo 3 kwanza.

KOMPYUTA IKIAMINIWA KULIKO MTU

Mtu aweza kusema tunatia chumvi. Basi tutazame jambo lililotokea Uingereza, ambalo limethibitishwa mahakamani. Programu yake haikuandikwa na akili bandia; yafaa kwetu kwa sababu yaonyesha gharama ya kuamini programu isiyochunguzwa.

Kuanzia mwaka 1999 ofisi za posta za Uingereza zilianza kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyokuwa chini ya kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa vijiposta walianza kuona upungufu wa fedha katika hesabu zao. Wengi walisema kompyuta ina kasoro. Hawakusadikiwa. Hadi mwaka 2015, zaidi ya watu 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi, ulaghai au hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wengine walijiua. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa namna ile. Mwezi Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu hao.

Fikirini mhasibu wa chama chenu akikuta upungufu wa shilingi 80,000, na fundi akisema, "Programu haiwezi kukosea, majaribio yote yamepita." Nani ataaminiwa? Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, aliwaonya wenzake tangu mwaka 1969 kwamba majaribio yaweza kuonyesha kasoro ipo, lakini hayawezi kuthibitisha kwamba kasoro haipo. Onyo hilo halijapungua uzito kwa kuwa anayejaribu sasa ni mtambo.

MAMBO SITA YA KUDAI

Haya basi, tuandike yale ambayo kamati yapaswa kumdai fundi. Hamhitaji kujua kuandika programu ili kuyadai.

1. Matokeo yanayotakiwa yaandikwe na wanachama kabla ya mtambo kuanza kazi. Chukueni masharti ya chama, sharti baada ya sharti, mkaandike kwa Kiswahili chepesi: hali hii, tendo hili, tokeo hili. Fundi na wakala wake wageuze maneno yenu kuwa maagizo.

2. Mtambo unaoandika programu usiruhusiwe kubadili majaribio hayo. Likibadilishwa jaribio, mtu mwenye jina asome badiliko hilo na kutia sahihi. Anayetahiniwa hapewi kalamu ya kusahihishia.

3. Yawepo majaribio ya akiba ambayo mtambo ulioandika programu haukuyaona, yenye hesabu nyingine. Ikiwa uliona 50,000, kamati ijaribu 73,400. Aliyekariri atajulikana hapo.

4. Jaribio nalo lijaribiwe. Mwambieni fundi aiharibu programu makusudi, katika nakala ya pembeni: aweke mara nne badala ya mara tatu, kisha aendeshe majaribio mbele yenu. Lisiposhindwa hata moja, majaribio hayo ni mbwa asiyebweka. Njia hii ya kutia kasoro makusudi ilielezwa na wataalamu wa Marekani DeMillo, Lipton na Sayward mwaka 1978, na yafaa hata leo.

5. Wakala ajaribu mahali pa mazoezi, penye wanachama wa kubuni na fedha za kubuni. Asipewe neno la siri la hazina, wala majina na namba za simu za wanachama wa kweli. Wakala husoma maneno ya ukurasa, na mtu mbaya aweza kuficha humo maneno ya kumwamrisha afanye alilotaka yeye. Wakala asiye na ufunguo wa hazina hata akidanganywa hawezi kuifungua.

6. Malalamiko ya mwanachama yahesabiwe kuwa ushahidi. Bibi mmoja akisema akiba yake imepungua bila sababu, asijibiwe kwamba majaribio yamepita. Andikeni alichofanya, hatua kwa hatua. Mpeni wakala azifuate hatua hizo. Na kasoro ikionekana, iandikiwe jaribio la kudumu. Kwa njia hii yale yaliyompata bibi huyo hayatampata mwingine.

Wasikilizaji, msiondoke mkidhani nawakataza kutumia wakala. Chama kidogo hakiwezi kumlipa mtu wa kurudia majaribio 200 kila wiki, na mtambo waweza kuyarudia kila siku. Yaliyokuwa anasa ya kampuni kubwa sasa yanafikia vyama vya watu wa kawaida, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwachieni mtambo kubonyeza, kurudia, kutafuta na kuandika. Lakini kusema lipi ni haki katika chama chenu, hiyo ni kazi ya mkutano mkuu, nao haukumkabidhi mtu kazi hiyo, sembuse mtambo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Chagueni sharti moja la chama chenu, au la kikundi chochote mnachokijua. Liandikeni kwa sehemu tatu: hali ya mwanzo, tendo, tokeo linalotakiwa. Je, tokeo lina mambo mangapi ndani yake?

2. Fundi asema: "Jaribio lilishindwa jana, mtambo umelirekebisha, leo limepita." Mtamwuliza maswali gani mawili kabla ya kukubali?

3. Katika ukumbi wenu yuko mtu asiyeona au anayeona kwa shida? Mwombeni aeleze anavyotumia simu yake, na ni vitufe gani vinavyomshinda. Andikeni majibu yake na kumpa fundi.

4. Mhasibu asema hapana, kompyuta yasema ndiyo. Kamati ifanye nini siku ile ile, kabla ya kumshtaki mtu?

Vikundi viandike majibu kwa ufupi na kuyahifadhi, kwani tutayarudia mwanzoni mwa somo lijalo. Kwa herini, wasikilizaji, na kazi njema.